Usiniulize Poromoko Ni la Daraja Gani

Kila anayejiandaa kuteremka mto wenye maporomoko kwa mara ya kwanza huja na swali lilelile: ni ya daraja la ngapi? Ukimwambia la nne, macho yanamtoka. Ukimwambia la pili, uso unamshuka kama mtu aliyepunjwa. Mimi nimeacha kulijibu swali hilo kwa namba. Ninachotaka kujua kabla sijafunga jaketi okozi ni jambo jingine: poromoko likishaisha, chini yake kuna nini? Kuna dimbwi pana lililotulia, au la pili linaanza kabla la kwanza halijakuachia? Kuna mchanga au kuna magogo? Kuna mtu anayesubiri na kamba?

Namba zenyewe sizidharau. Kipimo cha kimataifa kina madaraja sita. La kwanza ni maji yanayokwenda kasi kidogo na viwimbi vya kuchezea. La tatu lina mawimbi yasiyo na mpangilio, yanayoweza kujaza mtumbwi ulio wazi, na kona zinazotaka uamue mapema. La nne lina nguvu na halisamehi kona iliyokatwa vibaya. La tano ni refu, lina vikwazo juu ya vikwazo, na kumwokoa mtu humo ni kazi hata kwa mabingwa. La sita ni mpaka wa kile ambacho binadamu anaweza kukijaribu. Tatizo ni kwamba namba moja imebebeshwa mizigo miwili: ugumu wa kupita na ubaya wa kitakachokupata ukishindwa kupita. Mizigo hiyo haina uzito sawa, na mara nyingine haielekei hata upande mmoja.

Chukua Mto Kaituna wa New Zealand. Humo kuna maanguko yaitwayo Tutea, yenye urefu wa mita 7, ambayo maboti ya mpira huyashuka yakiwa na wageni wa kawaida ndani. Boti linaelekeza pua chini, linazama lote, watu wanapotea kwenye povu, kisha wanaibuka mmoja baada ya mwingine wakikohoa na kucheka. Linafanyika siku nenda rudi kwa sababu chini kuna maji yenye kina, na baada yake kuna nafasi ya kukusanya watu. Mfano uliokithiri zaidi ni wa Tyler Bradt, Mmarekani aliyeshuka maanguko ya Palouse, huko Marekani, mwaka 2009 akiwa ndani ya kayaki, mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja, takriban mita 57 kwenda chini. Aliibuka na kasia lililovunjika na kifundo cha mkono kilichoteguka. Sipendekezi mtu aige. Ninalosema ni kwamba urefu ule wote ulikuwa unaishia kwenye dimbwi lenye kina kirefu la maji yaliyochanganyika na hewa. Mita 2 zinazoishia kwenye jiwe lililojificha zingemfanya vibaya zaidi.

Sasa geuza shilingi. Kuna kitu mtoni kisichopewa heshima yoyote na wageni: ukuta mfupi wa zege uliojengwa kutoka ukingo hadi ukingo ili kuinua maji kidogo. Ukiutazama kutoka juu ya mto huoni kitu ila mstari ulionyooka. Hakuna kelele ya kutisha wala mawimbi, na mteremko wenyewe huenda haufiki kimo cha mtu. Lakini maji yanayodondoka pale yanapiga mbizi hadi chini, na yale ya juu yanarudi nyuma kuelekea ukutani, kwa usawa uleule, kwa upana wote wa mto. Jiwe la asili huwa na pembe, na mahali fulani pembeni pana mwanya wa kuponyokea. Ukuta wa fundi hauna mwanya. Mtu aliyeangukia humo huvutwa chini, hutolewa mbele kidogo, kisha hurudishwa tena na tena, na jaketi lake linalomuelesha ndilo linalomweka kwenye tabaka la maji yanayorudi. Waokoaji wa Marekani huuita mashine ya kuzamisha watu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wahenga, na sidhani walikuwa wanafikiria zege, lakini maneno yao yanakaa vizuri hapa.

Kwa hiyo kusoma mto huanza na kutazama mbali. Wanaoanza huangalia wimbi lililo mbele ya pua ya boti, kwa sababu ndilo linalowarushia maji usoni. Mwongozaji mwenye uzoefu huwa hana habari nalo sana. Yeye anatazama mita 30 mbele, na akilini yuko dimbwini tayari. Historia ya michezo hii ina ushahidi mzuri wa jambo hilo. Mvumbuzi John Wesley Powell na watu wake walipoteremka Mto Green na Mto Colorado, huko Marekani, mwaka 1869, walikuwa kumi katika maboti manne ya mbao, na wapiga makasia walikaa kama wapiga makasia wote wa ziwani: migongo imeelekea kule wanakokwenda. Walivuta kwa nguvu ili waende kasi kuliko maji, huku macho yao yakitazama walikotoka. Boti moja lilisagika kwenye maporomoko, na mara nyingi walilazimika kuyashusha yaliyobaki kwa kamba kutoka ukingoni. Katika miaka ya 1890 akatokea mwindaji wa wanyama wa manyoya, Nathaniel Galloway, akaligeuza boti. Alikaa akitazama chini ya mto, na badala ya kukimbizana na maji alivuta makasia kuyapinga, ili boti liende polepole kuliko mkondo na yeye apate muda wa kuchagua njia. Ni badiliko dogo la namna ya kukaa. Maboti ya makasia marefu bado yanaendeshwa hivyo mpaka leo.

Kinachotazamwa chenyewe si siri. Maji yanapopita kati ya mawe mawili huchora ulimi laini wenye umbo la V, ncha ikielekea chini ya mto. Hiyo ndiyo njia, angalau kwa mwanzo. V ikigeuka, ncha ikakuelekea wewe unayekuja, kwenye ncha pana jiwe. Nyuma ya kila jiwe kubwa maji hugeuka na kurudi juu kujaza pengo, na hapo ndipo pa kupumzikia, pa kusubiria wenzako na pa kuangalia kilicho mbele. Mpaka kati ya mkondo unaoshuka na maji yanayorudi ni mkali kuliko unavyoonekana. Ukiuvuka bila kuinamisha kayaki upande unaostahili, maji mapya yanaukamata ubavu wa juu na kukupindua kabla hujajua limetokea nini. Kanuni ni kuinamia ndani ya kona, jinsi mwendesha baiskeli anavyofanya. Kila mwalimu huisema siku ya kwanza, na kila mwanafunzi huielewa siku ya tatu akiwa amelowa hadi masikioni.

Halafu kuna mashimo. Maji yakivuka jiwe kwa wingi hupiga mbizi nyuma yake na kuacha bonde, na maji ya juu yanarudi kulijaza bonde hilo kutoka upande wa chini. Boti likiingia bila kasi linashikwa. Si kila shimo ni baya. Mengine wapiga kayaki huyatafuta makusudi, wakacheza juu yake nusu ya mchana. Tofauti iko kwenye ncha zake. Zikielekea chini ya mto, shimo litakusukuma pembeni kisha likuachie. Zikielekea juu, kila unapojaribu kutoka unarudishwa katikati. Na usidanganywe na weupe. Povu ni maji yaliyojaa hewa, na hewa haikubebi. Ndani ya povu zito unaelea chini zaidi, kasia linateleza bila kupata kitu cha kushika, na jaketi ulilolitegemea linapungukiwa nguvu papo hapo.

Vitu viwili vinaniogopesha kuliko shimo lolote, na vyote viwili huonekana vidogo. Cha kwanza ni mti ulioanguka majini. Maji yanapita kati ya matawi, mtu hapiti. Ni chujio, na anayekwama hapo anasukumwa na mto mzima mgongoni. Nguvu ya mkondo huongezeka kwa mraba wa kasi yake: kasi ikiongezeka maradufu, msukumo unakuwa mara nne, na mita moja ya ujazo wa maji ina uzito wa tani. Cha pili ni jiwe lililoliwa chini. Jiwe zima hupigwa na maji, maji yakarundikana mbele yake na kutengeneza kifua cheupe kinachokusukuma uende pembeni. Ukiona jiwe kubwa kwenye mkondo mkali lakini maji hayarundikani mbele yake, jiulize yanakwenda wapi. Mto wa daraja la pili wenye miti kingoni, siku chache baada ya mafuriko, unaweza kuwa na vyote viwili, na namba yake haitabadilika kwenye kijitabu cha watalii.

Watu hupenda kubishana kama boti la mpira ni bora kuliko kayaki. Naona ni ubishi wa kupoteza muda, ingawa nina upande wangu. Boti la mpira ni kazi ya kundi. Watu sita au wanane, mwongozaji nyuma, na amri chache zinazotolewa kwa sauti inayoshinda maporomoko: mbele, nyuma, hamieni kushoto, chini mshike kamba. Boti linasamehe. Lina upana, limejaa hewa, na tangu miaka ya 1980 maboti mengi yana sakafu iliyojazwa upepo na matundu pembeni, kwa hiyo maji yanayoingia yanajitoa yenyewe. Kabla ya hapo abiria walikuwa wanapiga makasia kwa mkono mmoja na ndoo kwa mwingine. Lakini boti halina wepesi. Likishaelekea jiwe, litaligonga, na hapo amri ni ngeni kwa akili ya kawaida: wote rukieni upande wa jiwe. Kila mtu anataka kukimbia jiwe, na wakikimbia, ubavu wa upande wa juu unazama, maji yanajaa, boti linajikunja kwenye jiwe na kubaki hapo kwa saa kadhaa.

Kayaki ni ya mtu mmoja na mto wake. Umekaa chini, kiuno chako kimefungwa na sketi inayozuia maji kuingia, macho yako yako karibu usawa na mawimbi. Poromoko ambalo kutoka kwenye boti linaonekana lote, wewe unaliona vipandevipande, kila unapopanda juu ya wimbi. Ikipinduka, unaweza kujirudisha bila kutoka. Ufundi huo ni wa Wainuiti, wenyeji wa Aktiki, waliouhitaji kwa sababu kwenye bahari ya barafu kutoka ndani ya kayaki kulikuwa sawa na kufa. Mwaka 1927 Hans Eduard Pawlata wa Austria alijifundisha na kuusambaza Ulaya, na mbinu yake bado inaitwa kwa jina lake. Siri haiko mikononi, iko kwenye nyonga: nyonga inageuza kayaki, mwili unafuata, kichwa kinatoka mwisho. Anayeinua kichwa kwanza anarudi chini. Upande wangu ni huu, kwani nimesema ninao: kayaki inakulazimisha uusome mto kwa sababu hakuna wa kukusomea. Ndani ya boti mtu anaweza kuteremka mto wa daraja la nne kuanzia asubuhi hadi jioni asijifunze hata kutambua ulimi.

Nile Nyeupe, pale inapotoka Ziwa Victoria karibu na Jinja nchini Uganda, ni mto unaoonyesha vizuri jambo ninalozunguka nalo. Mara nyingi hupita zaidi ya mita za ujazo 1,000 kila sekunde. Mawimbi ni makubwa, maboti hupinduka, tena wakati mwingine mwongozaji huuliza abiria kama wanataka kupinduliwa. Pamoja na hayo, wageni wasiojua lolote hupelekwa humo, kwa sababu maji ni ya uvuguvugu, kina kipo, na baada ya maporomoko mengi kuna sehemu ndefu zilizotulia ambamo wapiga kayaki wa uokoaji wanawaokota watu kwa utaratibu. Bwawa la Bujagali, lililozinduliwa mwaka 2012, lilifunika baadhi ya maporomoko maarufu ya sehemu ya juu, na safari zikahamia chini zaidi. Huko chini kuna poromoko la Itanda, na Itanda ni habari nyingine. Lina shimo ambalo wapiga kayaki walilipa jina la kiingereza lenye maana ya mahali pabaya, bila kuhangaika kutafuta la kupendeza. Watalii wa maboti kwa kawaida hushuka na kuizunguka kwa miguu sehemu yake ya juu. Mto ni uleule, maji ni yaleyale, umbali ni mfupi.

Na hata poromoko moja halibaki lilelile. Zambezi chini ya Victoria Falls hufurika kufikia kilele karibu mwezi wa Aprili, wakati mvua zilizoujaza mto zimeshapungua, kwa sababu maji yametoka mbali na yamepita kwanza kwenye nyanda zinazoyachelewesha. Mgeni anatazama anga la buluu na kushangaa kwa nini safari zimefungwa. Korongo la Batoka, ambamo mto unapita hapo, ni jembamba. Maji yakipanda, baadhi ya mashimo hufunikwa na kutoweka, mahali pake panazuka vizingia vinavyozunguka na kuvuta chini, na madimbwi ya kuokolea watu hayapo tena. Ndiyo maana kuuliza kiwango cha maji ya siku hiyo kuna faida kuliko kuuliza daraja.

Colorado una mfano mkubwa zaidi. Poromoko la Crystal lilikuwa la kawaida hadi Desemba 1966, mvua kubwa ilipoteremsha mawe kutoka kijito cha pembeni na kuubana mto. Ilichukua dhoruba moja tu, na tangu hapo Crystal linaogopwa. Mwaka 1983 theluji iliyeyuka kwa wingi, bwawa la Glen Canyon likalazimika kuachia maji kuliko ilivyowahi kutokea tangu lijengwe, na pale Crystal likainuka wimbi lililopindua maboti makubwa ya injini. Mtu mmoja alifariki. Mwanajiolojia Susan Kieffer alilichunguza na kueleza kwamba mto uliobanwa ulikuwa unakwenda kasi kupita kiasi kwenye koo lile, kisha ukasimama ghafla kwenye kina, na tofauti hiyo ndiyo iliyolisimamisha lile wimbi. Katika mafuriko yayohayo mwongozaji wa maboti Kenton Grua na wenzake wawili waliteremka korongo lote la Grand Canyon, kilomita 446 hivi, kwa boti dogo la mbao la makasia, wakatumia saa 36 na dakika 38. Crystal liliwapindua. Walilirudisha boti lao, wakaendelea. Nikisoma habari zao nashindwa kuamua kama nawahusudu au nawaonea huruma.

Ukitumbukia, na utatumbukia, mwili wenyewe utataka kufanya kosa: kusimama. Usisimame kwenye maji ya kasi yanayopita magoti. Mguu ukiingia kati ya mawe mawili, mkondo utakusukuma kifudifudi, na maji ya kina cha mapaja yanatosha kuua. Lala chali, miguu mbele, vidole vya miguu vikionekana juu ya maji, uyasukume mawe kwa nyayo. Kuna wakati mmoja tu wa kuvunja kanuni hiyo: ukiona chujio mbele na huna pa kukwepea, geuka, ogelea kwa kichwa kulielekea kwa nguvu zako zote, upande juu ya gogo kama unapanda ukuta. Anayefika huko miguu mbele huingia chini. Kamba ya uokoaji ikirushwa, ipitishe begani, ulale chali, mgongo ukielekea aliyeirusha, maji yapite juu ya kichwa na kukuachia nafasi ya kupumua. Usiizungushe mkononi hata siku moja.

Ishara nazo zina hekima inayonipendeza. Kasia likiinuliwa wima, njia ya katikati iko wazi. Likishikwa kwa ulalo juu ya kichwa, simama. Filimbi tatu, kuna dharura. Na mkono unapoelekeza, huelekeza kule kwenye usalama tu, kamwe hauelekezi kwenye hatari, kwa sababu kati ya kelele na maji machoni, anayekuja ataufuata mkono bila kuuliza unamaanisha nini.

Poromoko namba 9 la Zambezi limepewa jina la kiingereza lenye maana ya kujiua kibiashara, na hapo wateja hushuka, wakatembea juu ya mawe hadi upande wa pili. Maboti hupitishwa pembeni au huachiwa yateremke bila watu. Kutembea huko si starehe. Mawe ya besalti ni meusi, yamepashwa na jua, na pale yanapolowa yanateleza. Kayaki ya kilo 20 begani inakuwa ya kilo 40 ndani ya dakika chache, na helmeti inakubana kichwa. Ndipo utakapoyasikia malalamiko mengi kuliko popote pengine mtoni: tumelipa ili tushuke, tungeweza kabisa, wale wa mwaka jana walipita. Mengi hutoka kwa waliokuja nyuma ya msururu na bado hawajafika pale kwenye mwamba ambapo shimo lenyewe linaonekana lote.